Mstari Ulionyooka

Jumatano, saa nne asubuhi.

Chumba cha nyuma cha dobi kilinuka sabuni na nguo mbichi. Mashuka ya hoteli yalining'inia kila upande. Katikati, meza ya kupigia pasi, na juu yake ramani ya jengo. Watu wanne waliizunguka. Hakuna aliyejua jina la mwenzake.

Hiyo ilikuwa sheria ya mkubwa wao. Usichokijua hutakitaja, hata wakikung'oa kucha. Yeye mwenyewe walimwita Pasi, maana shati lake halikuwahi kuonekana na mkunjo, hata siku alizotoka kwenye kazi chafu. Duka la dobi lilikuwa lake pia.

"Dalali wa hisa," Pasi alisema, akigonga ramani. "Ghorofa ya pili. Jumamosi wanafunga saa sita. Nyuma kuna chumba cha chuma. Ndani kuna vyeti vya hisa visivyo na jina. Anayekishika cheti ndiye mwenyewe."

"Akiripoti polisi?" Dereva aliuliza, mdomo umejaa karanga.

"Aripoti nini? Vyenyewe kawaibia wateja wake. Aende kulia kwamba mwizi kaibiwa?"

Dereva alicheka mpaka karanga zikampalia. Fundi, mzee wa vitasa, hakucheka. Mhasibu naye hakucheka.

Mhasibu alikuwa mwanamke pekee pale mezani. Fundi ndiye aliyemleta, kwa maneno machache: huyu anajua bei. Pasi hakuuliza ametoka wapi. Angemtazama vizuri, pengine angeiona ile pua. Ilikuwa pua ya Njiti.

Njiti alikuwa mdogo wake Mhasibu. Kijana mwembamba, mwenye maneno mengi, aliyefaa kupitishwa madirishani. Mwaka uliopita, kwenye kazi ya sonara, kengele ililia Njiti akiwa bado ndani ya chumba cha chuma. Pasi alikuwa mlangoni, begi mkononi. Angeweza kumsubiri. Alifunga mlango, ili walinzi wakute kila kitu kipo kama kilivyokuwa na wasitafute mtu. Walinzi walikuta mlango umefungwa, wakashukuru, wakarudi kwenye viti vyao. Ilikuwa Jumamosi. Chumba kilifunguliwa Jumatatu, na Njiti alikuwa ameketi chini, kucha zimetoka damu, pumzi imemwishia tangu jana yake.

Pasi aliwaambia wenzake kwamba kijana kapigwa risasi ngazini. Lakini Fundi alikuwa kwenye korido siku ile. Alisikia mlango ukigongwa kutoka ndani. Pasi alimwonyesha bastola, naye Fundi akakimbia. Ule mlio haukumwacha alale, na mwishowe alienda kumtafuta dada wa marehemu akamwambia yote.

Dada hakulia. Aliuliza swali moja tu.

"Huyo mtu anapenda nini?"

"Pesa," Fundi alisema. Kisha akafikiri kidogo. "Na vitu vilivyonyooka."

Sasa Pasi alimgeukia.

"Mhasibu. Tuchukue nini?"

"Vyeti visivyo na jina viko kwenye makabati mawili tu. Kampuni ya saruji na kampuni ya meli." Alitandika karatasi mbili mezani. "Bei zao za miaka mitano. Juu ni mchoro. Chini ni tarakimu: tarehe, bei ya jioni, na hisa ngapi ziliuzwa siku hiyo."

Pasi aliinamia saruji kwanza. Mstari ulipanda, ukapanda, kisha siku moja ukaanguka. Jana yake mia tisa. Siku hiyo tisini.

"Hii maiti," alisema, akaisukuma pembeni.

Akashika ya meli. Mstari ulipanda kwa vurugu, halafu miezi minne ya mwisho ukatulia. Haukupanda wala kushuka. Kidole cha Pasi kiliufuata taratibu mpaka mwisho, na uso wake ukalainika.

"Tazama. Umenyooka kama shati langu. Hapa mtu analala usingizi."

Kidole kilianza kushuka kuelekea kwenye tarakimu. Mhasibu alisikia damu ikimgonga masikioni. Kidole kilisimama kwenye safu ya bei, bei ileile kila mstari, kikagonga mara mbili kwa furaha, kikaondoka.

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nimeleta bei. Kuchagua ni kazi ya mkubwa. Ukila hasara sitaki lawama."

"Umeongeza kitu? Umepunguza?"

"Hata nukta."

Pasi alimkazia macho. Macho yake yalikuwa ya kutisha, lakini Mhasibu alikuwa anasema kweli, na mtu anayesema kweli hahangaiki.

"Basi meli ni yangu," Pasi alisema. "Saruji mgawane nyinyi watatu."

"Bosi, si ulisema sawa kwa sawa?" Dereva aliuliza.

"Sawa kwa sawa ni kwenye chai."

Jumamosi, saa saba mchana.

Dereva alibaki garini. Wengine waliingia kwa mlango wa mbele, jua likiwaka, wamevaa makoti ya dobi na wamebeba kapu la magurudumu. Tumekuja kuchukua mapazia ya kufua, Pasi alimwambia mlinzi. Mlinzi alikuwa anakula. Aliwaonyesha lifti kwa kijiko.

Juu hapakuwa na mtu. Fundi alipiga magoti mbele ya chumba cha chuma. Kitasa kilikuwa cha ulimi, kile kinachojifunga chenyewe mlango ukisukumwa. Jasho lilimdondoka puani. Mlango ukafunguka.

"Nenda ukalinde ngazi," Pasi alisema.

"Nakusanya vifaa, bosi."

Aliinama kwenye ukingo wa mlango, tupa imefichwa kiganjani, akausugua ule ulimi wa kitasa haraka haraka, ili mlango ukifungwa usishike. Huo ndio uliokuwa mpango wao, yeye na Mhasibu. Kwa maana walijua. Mtu aliyefunga mlango mara moja na akafaidika ataufunga tena.

"Mzee! Ngazi!"

Fundi aliondoka. Mhasibu alimwona anamtazama kwa kuibia, na jicho lile halikumpendeza. Lilikuwa jicho la mtu ambaye hakumaliza kazi.

Ndani kulikuwa na joto na vumbi la karatasi. Pasi alijaza begi lake vyeti vya meli, kila bunda amelinyoosha kingo. Mhasibu alipiga magoti kwenye kabati la saruji, akampa mgongo.

"Dada," Pasi aliita.

"Naam?"

"Si ubaya. Unajua sana habari za mali yangu."

Mlango ukafungwa. Kitasa kikalia.

Giza lilikuwa zito. Alisikia viatu vya Pasi vikienda zake bila haraka, viatu vya mtu aliyeridhika. Alisimama, akausukuma mlango kwa viganja. Haukutikisika. Akausukuma kwa bega. Ulimi ulikuwa umeshika.

Hapo hofu ikamvaa. Hakuiwaza meli wala saruji. Aliwaza kwamba mdogo wake alisimama hivihivi, mbele ya chuma kama hiki, akimwita Pasi kaka. Na Fundi alishakimbia mara moja. Mtu akishakimbia mara moja, miguu inaijua njia.

Aligonga mara tatu. Kimya. Akagonga tena mara tatu, akilia sasa, si kwa woga tu, kwa hasira ya kufa kabla ya yule mtu.

Kisha tupa ikaanza kukwaruza kutoka nje.

Mlango ulipofunguka, Fundi alikuwa amepiga magoti, vidole vimechubuka.

"Nilisikia," alisema. "Safari hii nimerudi, mwanangu."

"Yuko wapi?"

"Kashuka kwa lifti. Nimemsikia kwenye simu akimwambia Dereva tumekamatwa. Wameondoka. Tumfuate? Haki ya Mungu nitamchoma na bisibisi hii."

"Mwache. Kabeba meli."

"Na sisi tumebaki na maiti?"

Mhasibu alijifuta uso kwa koti la dobi. "Saruji haikuanguka, mzee. Kampuni iligawa kila hisa moja kuwa kumi. Bei ikagawanywa kwa kumi, hisa zikawa nyingi mara kumi. Aliyekuwa na mali alibaki na mali yake. Huu mzigo ni mzima."

"Na meli?"

"Meli haijauzwa hata hisa moja kwa miezi minne. Soko liliisimamisha. Wakubwa wake walikula njama, wakatoroka na mabunda ya vyeti. Siku isiyo na biashara wanaandika bei ya mwisho, kesho hivyohivyo, kesho kutwa hivyohivyo. Ndiyo maana mstari umenyooka. Safu ya tatu imejaa sifuri, ukurasa mzima. Tangazo lilikuwa gazetini."

"Yeye gazeti anasoma mpira."

"Anayepeleka cheti cha meli dirishani kwenye soko la hisa anaulizwa kakitoa wapi. Na kabla hajaulizwa, mlango unafungwa."

Fundi akavijaza vyeti vya saruji kwenye begi, wakashuka na kapu lao la mapazia.

Jumanne, saa tatu asubuhi.

Fundi alimkataza kwenda. Alikwenda. Alisimama kando ya barabara, mbele ya mlango wa kioo wa ofisi za soko la hisa, karatasi mkononi.

Pasi hakuwa mtu wa kumtuma mwingine penye pesa. Alikuwa dirishani, shati jeupe, begi juu ya kaunta. Karani alichukua cheti, akatabasamu, akamwonyesha kiti, akanyanyua simu. Pasi alikaa. Kisha akainua kichwa kama mtu aliyesikia kitu. Komeo la mlango lilikuwa limelia.

Alikuja mbio. Alisukuma kioo, hakikufunguka, na hapo akamwona Mhasibu. Rangi ilimtoka. Huyu alimfungia Jumamosi.

"Fungua!" Sauti haikupita. Midomo ndiyo iliyosema. "Dada, fungua!"

Alianza kugonga. Mhasibu alibandika karatasi kwenye kioo. Ilikuwa ile ya meli, safu ya tatu imezungushiwa kalamu nyekundu. Macho ya Pasi yalishuka sifuri baada ya sifuri. Kisha Mhasibu akaigeuza karatasi. Nyuma alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: MIMI NI DADA YAKE NJITI.

Mikono ya Pasi ilisimama hewani.

Mhasibu alikuwa amefikiria pia kwamba Pasi anaweza kumtaja. Pasi hakulijua jina lake, kwa sheria yake mwenyewe. Sasa alimjua ni dada wa nani. Lakini ili amtaje, ingebidi kwanza aeleze Njiti ni nani, na nani alimfungia mlango.

Askari watatu waliingia kwa mlango wa nyuma. Mmoja alimkamata kwa ukosi wa shati, likajikunja lote mgongoni.

Mhasibu alidhani ataridhika. Hakuridhika. Alitamani kile kioo kingekuwa chuma, na chumba kile kikose hewa, na leo iwe Jumamosi. Alikunja karatasi akaiweka mfukoni. Pasi alikuwa bado anamtazama juu ya bega la askari.

Mhasibu akagonga kioo mara tatu, polepole, kisha akaenda zake.