Jina la Chemchemi

Mpaka leo hakuna anayejua maji yale yaliingiaje. Ofisi ya ramani ilikuwa ghorofa ya tatu, haikuwa na bomba, na dari yake haikuvuja hata wakati wa mvua kubwa. Lakini kila asubuhi mchora ramani alikuta nyayo mbichi za miguu mitupu, zimetoka kwenye droo ya ramani mpaka kwenye kiti chake. Za kurudi hazikuwapo.

"Dada, umeanza kuoga kazini?" mkuu wake alimtania.

Alicheka naye, akapangusa sakafu. Hakutaka kusema kwamba nyayo zilianza siku alipoandika kwenye ramani jina la chemchemi ya mlimani.

Watu wa mlimani, waliokuwa pale kabla ya mtu mwingine yeyote, hawakuliandika jina hilo. Lilitajwa ndani ya maji tu, mdomo kwa sikio, kwa mtu mmoja. Bibi mlinzi wa chemchemi alimnong'oneza mchora ramani kwa kuwa alimpenda. Naye, kwa nia njema kabisa, akaliweka kwenye ramani, serikali isije ikasema pale hapana wenyewe.

Siku ya nne, adhuhuri, bibi alifika ofisini bila kuitwa. Alipoingia tu, mlango ukajifunga nyuma yake. Mkuu alikivuta kitasa kwa mikono miwili. Wapi!

"Bibi, ni jini?" alinong'ona.

"Ni mwenyeji wetu wa chemchemi. Mjukuu wangu huyu amemfungia kwenye droo, naye amewafungia nyinyi. Unashangaa nini?"

"Lakini ramani inachapwa kesho!" mkuu alilalama.

"Basi kesho itatukuta humu."

Harufu ya majani yaliyooza ikapanda, na ndani ya ukuta kitu kikaanza kunywa, taratibu, kama ng'ombe mwenye kiu, na maji yakatokea sakafuni, yakapita vifundo vya miguu, yakafika magotini, baridi ya kukata mifupa, huku droo ikijisukuma kidogo na kurudi, ikijisukuma tena na kurudi, kama kifua cha mtu anayepumua, na pumzi ile ikamwita mchora ramani kwa sauti yake yeye mwenyewe.

"Jina likifutwa kwenye karatasi, litakaa wapi?" mchora ramani aliuliza, meno yakigongana.

"Kwa mtu. Mimi nimelibeba tangu sijaolewa. Anayelibeba hawezi kulala tena mbali na chemchemi. Nimechoka, mjukuu wangu."

"Nina watoto, bibi."

"Najua. Hata mimi nilikuwa nao."

Mkuu aligeukia ukutani. Hakuwa mtu mbaya, ila maji yalikuwa yamemfika kiunoni.

Ikaamuliwa kwa sauti ndogo, bila ugomvi: jina lifutwe, na aliyeliandika alibebe. Mlango ukafunguka.

Jioni ileile mchora ramani alipanda mlimani na ramani yake, akaingia majini, akaisugua karatasi kwa kidole gumba mpaka wino ukaisha. Hakusaidiwa na mtu. Kazi ya kwenda kuwaambia watoto ilimwangukia mkuu.