Byarugaba Hakuwa Amelewa

Nyakakika nzima ilijua kwamba Mzee Byarugaba hanywi pombe. Alikuwa mzee wa kanisa. Alichopenda ni kukamua juisi. Alizikanyaga ndizi mbivu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, watoto wakanywa. Iliyobaki ndugu zake waliitia mtama, ikawa rubisi, pombe ya ndizi. Hapo yeye alikwenda zake.

Jumanne moja, akiwa anakanyaga ndizi, dunia ilianza kumzunguka. Alianguka, akatapika mpaka jioni. Baada ya hapo akawa anatembea upandeupande. Jumapili aliitwa mbele kusoma Biblia. Aliyumba, akawaangukia wanakwaya.

"Leo mzee ameonja," mtu alinong'ona.

Nyumbani, mkewe Placida alimsogelea. "Baba Edgar, hebu fungua mdomo."

Alinusa. Hakusikia harufu yoyote.

"Umetafuna nini kuificha?"

"Mama Edgar, sijanywa."

"Mbona unapepesuka?"

Byarugaba mwenyewe hakuelewa kabisa. Miaka thelathini ya jina jema ilikuwa inapotea, na hata mkewe hakumwamini. Mwishowe aliwaza kwamba labda harufu ya ndizi humlewesha mtu kupitia puani. Akaacha kukamua. Akalala kitandani bila kutikisa kichwa, lakini kila alipoinuka nyumba ilizunguka.

Jirani yao Mackrine, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuja kumjulia hali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, mtu anaweza kulewa kwa kunusa?"

Mackrine alijizuia kucheka. "Hapana, mzee. Mdomo umepinda? Mkono au mguu umelegea? Kuongea kunakuwia vigumu?"

"Hapana."

"Hizo ni dalili za kiharusi. Mtu akiziona hangoji hata saa moja. Lakini hata wewe lazima daktari akuone leo."

Hospitalini, daktari alimpima macho na masikio, akamtembeza.

"Ndani kabisa ya sikio kuna sehemu inayouambia ubongo kama umesimama, umeinama au umegeuka," alisema. "Yako ya kushoto ina ugonjwa. Sikio moja linasema umetulia, jingine linasema unazunguka. Ubongo unachanganyikiwa."

"Kumbe hata ubongo haujui ushike lipi," Byarugaba alisema.

Alipewa dawa za siku tatu za kutuliza kizunguzungu na kichefuchefu. Kisha mtaalamu wa mazoezi ya viungo akamfundisha. Anyooshe mkono, akitazame kidole gumba, ageuze kichwa kushoto na kulia bila macho kuacha kidole. Asimame karibu na ukuta, miguu pamoja. Afanye hivyo mara tatu kwa siku.

Siku ya kwanza mazoezi yalimzidishia kizunguzungu. Aliyaacha. Dawa zilipokwisha alinunua nyingine dukani, akaendelea kulala. Wiki mbili zikapita, bado anayumba. Alikata tamaa.

Mackrine aliziona zile dawa. "Mzee, hizi ni za siku za mwanzo tu. Ukizimeza kila siku, ubongo unasinzia, haujifunzi."

"Lakini mazoezi yananizungusha."

"Kizunguzungu kidogo wakati wa mazoezi ni kawaida. Ndivyo ubongo unavyojifunza upya. Ukikaa kitandani utajifunzia wapi? Anza polepole. Mama asimame karibu usianguke."

Placida alisimama karibu. Asubuhi, mchana na jioni alimshika mumewe kiwiko, naye akigeuza kichwa. Wiki ya tatu ya mazoezi aliacha kumshika. Wiki ya sita Byarugaba alitembea peke yake hadi mwisho wa shamba, akitazama migomba huku na huku, akarudi amenyooka.

Placida alikuwa anamtazama. Machozi yalimtoka.

"Baba Edgar, nisamehe. Nilikuwa naona aibu kuketi karibu nawe kanisani. Niliamini umelewa."

Byarugaba aliketi kando yake.

"Usilie, mama," alisema. "Hata mimi niliamini."