Bibi Hakuanguka Mwenyewe

Ahlam akitoka shule alikuwa hana muda wa kukaa. Anavua sare, anakula, anaswali, halafu anatoa baiskeli uani. Baba yake, Mzee Walid, ana duka la vyakula hapa kwetu Chamazi, na wateja wake wengi wanaishi ng'ambo ya bonde. Kazi ya Ahlam ilikuwa kuwapelekea unga, sukari na mafuta ya kupikia, vyote vimefungwa kwa mpira kwenye karia.

Nyie msioishi kwetu lazima niwaeleze barabara yenyewe. Ni ya changarawe, inashuka kilimani mpaka mtoni, na haipiti gari hata moja. Zamani magari yalikuwa yanapita. Mvua za masika zikabeba daraja, kikawekwa kidaraja cha mbao cha watu na baiskeli, na serikali ya mtaa ikapiga marufuku bodaboda. Basi sote tukahamia kutembea huko. Wazee wananyoosha miguu, watoto wanajifunza baiskeli, kina mama wanapita na ndoo kichwani wakipiga soga bila kugeuka nyuma. Mtu aliyezoea kukwepa malori ya Mbagala akifika pale anahisi ameokoka.

Ahlam aliipenda kwa sababu ya mteremko. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwepesi, na hakuna mtoto wa mtaa aliyemshinda kushuka.

"Taratibu, Ahlam!" Mama yake, Mahfudha, alikuwa akipiga kelele kutoka dukani.

"Mama, kule hakuna magari bwana!" Ahlam anajibu, na hapo ameshafika mbali.

Siku moja, baada ya Alasiri, alishuka hajagusa breki kabisa. Hakutumwa siku hiyo, karia ilikuwa tupu, upepo unampiga usoni, raha tupu. Alipokata kona akamwona jirani yetu, Bibi Kokushubila, mbele yake, anapanda taratibu kutoka bustanini kwake mtoni, fungu la mchicha kichwani. Ahlam akakaba breki kwa nguvu zote. Jamani, changarawe haina huruma! Gurudumu la nyuma likateleza, baiskeli ikaenda upande, usukani ukampiga bibi ubavuni. Bibi akaanguka mtaroni, na mchicha ukatapakaa barabarani.

Ahlam aliitupa baiskeli kando akapiga magoti. Bibi alikuwa amefumba macho, damu inamtoka kwenye paji la uso, na mkono umelala vibaya. Hapakuwa na mtu mwingine. Baada ya muda bibi akafumbua macho, akamtazama.

"Waitu, mjukuu wangu," alisema kwa sauti ndogo, kwa neno la upole la kwao Bukoba. "Nimeanguka?"

Ahlam alitaka kusema. Neno lilifika mdomoni kabisa. Lakini aliogopa, na woga ulimtangulia.

"Ndiyo, Bibi," akajibu. "Umeanguka."

Kisha akakimbia kuita watu. Tulipofika tulimkuta amemfunga bibi jeraha kwa mtandio wake, huku analia. Tulimsifu sana. Mimi mwenyewe nilisema, "Mtoto huyu kalelewa." Laiti ningejua!

Bibi Kokushubila alitoka Bukoba miaka mingi iliyopita, kuja kuishi na mwanawe, Projestus. Projestus huyo ndiye baba yake Jesca, anayesoma darasa moja na Ahlam. Kesho yake Projestus alikuja dukani na mkungu wa ndizi begani.

"Mama Ahlam, mie sina cha kuwalipa," alisema. "Binti yenu kaniokolea mama. Angepita mtu mwingine asiyejali, tungemkuta maiti."

Mahfudha alizipika ndizi zile kwa nazi na nyama. Ahlam alikula tonge moja, akasukuma sahani.

Hospitalini mkono ulifungwa bandeji ngumu. Daktari aliuliza bibi alivyoanguka, akaambiwa alikuwa anatembea tu, mara chini. Akasema huenda ni kizunguzungu, na kwamba kwa umri ule asiachwe atembee peke yake. Kwa alivyoambiwa, angesema nini kingine? Projestus naye alikuwa na hofu, na mapenzi ya mtu mwenye hofu wakati mwingine yanafunga milango. Akatia kufuli geti. Bustani ya mchicha akampa jirani ailime. Bibi akawekewa kiti barazani, akaambiwa apumzike.

Mkono ukapona, bandeji ikatolewa. Bibi akabaki kitini.

"Bibi siku hizi hata simwelewi," Jesca alimwambia Ahlam wakati wa mapumziko. "Zamani alikuwaga anaamka kabla yetu, anafagia uwanja mzima. Sasa akitaka kwenda msalani ananiita nimshike mkono. Anaogopa kusimama."

"Mkono bado unamuuma?"

"Mkono umepona. Anasema miguu yake imemsaliti. Jana nimemkuta analia, Ahlam. Sijawahi kumwona Bibi analia."

Kengele iliporudisha watoto darasani, Ahlam aliingia na kukaa, lakini hakusikia alichofundishwa.

Jumamosi baba yake akamtuma apeleke sukari kwa kina Jesca. Alitaka aiache getini na kukimbia. Projestus akamfungulia kwa furaha, akamwingiza mpaka barazani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Njoo karibu, kaa hapa." Bibi alikuwa amekonda. Kanga ilimzidi mabegani. Akamshika Ahlam mkono, akashusha sauti ili Projestus asisikie. "Nimekungoja sana. Wewe ndiye uliyeniona siku ile. Hebu niambie, nilianguka vipi? Nilipepesuka? Niligusa kichwa kwanza, au nilikunja magoti?"

Ahlam akakazia macho mfuko wa sukari alioushika.

"Nawaza usiku kucha," bibi aliendelea. "Nakumbuka natembea, mzima kabisa, halafu sikumbuki kitu. Kama miguu inaweza kuniacha hivyo bila hata kuniaga, nitaiamini tena vipi? Niambie tu. Nikijua nitajizuia."

"Sikuona, Bibi," Ahlam alisema. Akanyanyuka, akatoka mbio, sukari ingali mkononi mwake mpaka Projestus akamkimbilia kuipokea.

Alimkuta mama yake jikoni anachambua mchele. Alipofungua mdomo yalitoka yote, toka mteremko mpaka swali la bibi, kwa kwikwi, bila mpangilio. Mahfudha alisikiliza mpaka mwisho. Hakumpiga, wala hakupaza sauti. Aliweka ungo chini, akafuta mikono.

"Vaa viatu," alisema. "Twende."

Barazani kwa kina Jesca, Ahlam alisimama mbele ya kiti cha bibi, mama yake nyuma yake. Alisema macho yakiwa chini. "Bibi, hukuanguka mwenyewe. Nilikugonga mimi na baiskeli. Nilikuwa nakwenda mbio. Nikakudanganya."

Projestus aliruka kutoka alipokaa. "Unasema nini wewe? Nimewaletea mkungu wa ndizi! Nimekusifu kanisani mbele za watu!" Halafu sauti ikamkatika. Aligeuka akatazama kufuli la geti, akajifunika uso kwa viganja. "Nimemfungia mama yangu ndani kama mbuzi," alisema, na mwanamume mzima yule akalia mbele yetu, maana majirani tulishajaa getini.

Bibi Kokushubila alijivuta mbele kitini.

"Kwa hiyo niliangushwa?" aliuliza. "Sikuanguka?"

"Uliangushwa, Bibi."

"Projestus! Umesikia? Niliangushwa! Miguu yangu mizima!" Akacheka huku machozi yanamtoka, akashika mikono ya kiti na kunyanyuka ili atuonyeshe. Alisimama. Akapiga hatua moja, ya pili, na magoti yakakunjika kweli. Jesca akamdaka. Miguu iliyokuwa mizima siku ile, kukaa kulikuwa kumeimaliza. Wote tuliliona hilo.

Walipokuwa wanarudi nyumbani Ahlam aliuliza kwa sauti ya chini, "Mama, umenikasirikia?"

"Kumgonga ilikuwa uzembe," Mahfudha alisema. "Ulidhani pasipo na magari hapana wa kuumia. Kwa hilo ningekugombeza, kisha ningekutetea mbele ya mtaa mzima. Lakini yule bibi kakaa ndani siku zote hizi akijilaumu kwa kosa lako. Hiyo si ajali, mwanangu. Hiyo uliifanya upya kila asubuhi ulipoamka ukanyamaza."

Kufuli la geti likatolewa siku hiyo hiyo. Tangu hapo, kila siku baada ya Alasiri, Ahlam humfuata bibi, wanatembea pamoja kwenye changarawe, bibi na fimbo, Ahlam akimshika kiwiko. Mwanzoni walikuwa wanaishia kwenye geti. Sasa wanafika konani. Kutoka pale bustani inaonekana kule chini, jirani anamwagilia mchicha wake, maana ameshaulima na Projestus hawezi kumnyang'anya. Chini huko bibi hajafika tena. Daktari anasema ajaribu, lakini asitegemee sana.

Juzi walipofika konani bibi alikaa kwenye jiwe kupumzika, akaitazama bustani kwa muda mrefu. Ahlam akaanza kulia.

"Nisamehe, Bibi."

"Nilikusamehe siku ile ile barazani," bibi alisema, akimpangusa machozi kwa pindo la kanga. "Lakini msamaha wangu haunifikishi mtoni, unaona mwenyewe. Utakosea tena, mjukuu wangu, kwa sababu ni mtu. Ukikosea, sema mapema, wakati uliyemkosea bado ana nguvu za kusimama."

Ahlam akaitikia kwa kichwa. Akamsaidia kunyanyuka, wakageuka, wakaanza kurudi nyumbani kwa mwendo wa bibi.