Nyumba Iliyomjibu Dalali

Mcha, dalali wa nyumba, alikuwa na tabia iliyowachekesha wenziwe wa Mlandege: hafungui nyumba tupu mpaka kwanza abishe hodi. Awe na funguo mkononi, mwenyewe awe kahama jana mchana kweupe, Mcha lazima asimame kizingitini apige hodi zake, ndipo atie ufunguo. "Nyumba haiingiwi kama pango la popo," husema. Miaka yote hiyo hajajibiwa hata mara moja. Siku aliyowapeleka Shaame na mkewe Mwatima kuiona nyumba ya Bi Tamima, alijibiwa.

"Hodi! Hodi hapa!"

"Karibu," ilisema sauti kutoka ndani, taratibu, sauti ya mzee aliyekwisha kula akashiba.

Na Mcha, kwa adabu aliyofunzwa na mama yake tangu utotoni, akajibu bila ya kufikiri: "Nshakaribia."

Akafungua. Hamkuwa na mtu. Mlikuwa na vumbi, kinu kilichopasuka, na harufu ya udi, udi uliotiwa chetezoni sasa hivi, katika nyumba iliyofungwa tangu Bi Tamima alipohamia kwa mwanawe Kendwa.

Alitazama nyuma. Shaame alikuwa bado njiani, kainua shingo anakagua bati. Mwatima, mja mzito, alikwishazunguka kwa ubavuni hadi uwani, akidhani aliyejibu ni jirani wa ukuta wa pili.

Hawa wawili walikuwa hawajapata kumiliki hata banda la kuku. Walikaa chumba kimoja Mpendae, nyumbani kwa mama yake Shaame, na Mwatima alikuwa akiomba Mungu ajifungulie kwake. Mcha aliwapenda. Madalali wengine wakipata mtu anayenunua kwa mara ya kwanza humkimbiza kama mwizi, asipate kutazama; Mcha yeye aliwafundisha. "Nyumba iangalieni mvua inanyesha. Gongeni boriti msikie kama mchwa wameshakula ndani. Na jirani muulizeni kabla ya mwenye nyumba." Alikwishawakataza nyumba mbili kwa ulimi wake mwenyewe, moja kwa mchwa, moja kwa jirani mgomvi. Kila kasoro aliisema, kwani ndiyo dini na ndiyo udalali.

Lakini hii angeisemaje? Mwatima alisimama uwani, mkono juu ya tumbo, machozi yanamlenga.

"Hapa pamenipendeza," alisema.

Mcha akameza mate, akayameza na maneno. Ni jirani tu, alijiambia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Mcha aliijua methali hiyo vizuri, tena huwaambia watu.

Wakainunua, wakahamia, na Mwatima akajifungua humo, mtoto wa kike. Arubaini ndiyo kwanza imekwisha, Bi Tabia wa nyumba ya pili akaja kumtazama mzazi na bakuli la uji wa pilipili manga. Akapiga hodi, akakaribishwa, akakaa ukumbini. Alikaa mpaka uji ukaanza kupoa. Chumba cha nyuma alisikia mtu anafagia, fagio linakwenda na kurudi, linakwenda na kurudi. Mara mlango wa mbele ukafunguliwa, akaingia Mwatima, mtoto mgongoni, ndoo ya maji mkononi.

"Kumbe hukuwamo?" Bi Tabia aliuliza kwa sauti ndogo. "Basi nani aliyenikaribisha?"

Hawakungoja jibu. Walitoka wote wawili, na uji wakauacha.

Siku chache baadaye Shaame alimwendea Mcha kwenye baraza yake, anatweta.

"Shikamoo, Mzee Mcha."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Mtoto anatolewa nje."

"Na nani?"

"Hatumuoni. Tunamlaza kitandani, mamaake akigeuka tu, tunamkuta ukumbini. Leo tumemkuta kizingitini, na mlango una komeo! Kalazwa vizuri, kafunikwa khanga, hana hata mkwaruzo. Kama mtu anayemtolea mpangaji vyombo vyake." Shaame alishika kichwa. "Kesho tutamkuta wapi? Barabarani? Na kile chumba cha Mpendae keshahamia mdogo wangu na mkewe."

Mcha aliona haya, haya ya mtu mzima, inayochoma masikio. "Siku ile mimi nilijibiwa," alisema. "Nikanyamaza."

Shaame alimkodolea macho. "Ulituambia mchwa, mzee. Hili hukutuambia?"

"Sikukuambieni. Lakini niliyekuingizeni ni mimi, na sikukimbieni."

Alasiri hiyo hiyo alimleta Mwalim Jecha, mtu wa vitabu, aliyekwishatoa majini katika nyumba nyingi za Ng'ambo. Mwalim aliweka chetezo mbele ya chumba cha nyuma, akatia ubani, akaanza kusoma. Mwatima kamkumbatia mwanawe, Shaame kashika mlango, Mcha yuko nyuma yao wote na kofia yake mkononi. Jua lilikuwa bado linawaka uwani, watoto wanacheza njiani, lakini mle ndani moshi wa ubani ulianza kurudi nyuma kama unaosukumwa kwa kiganja, na juu ya harufu yake ikaja ile ya udi, nzito, ikajaa puani na kooni, fagio likaanza kufagia nyuma ya pazia, linakwenda na kurudi, likija karibu zaidi kila mara, mpaka pindo la pazia likainuka, na chini yake hapakuwa na miguu.

"Babu yake Tamima alinikuta hapa," ilisema sauti ile, kwa upole wa kutisha. "Aliniomba radhi ndipo akajenga. Tamima kaondoka bila ya kuniaga. Na wewe dalali ukaleta watu bila ya kuniuliza. Nilikukaribisha, ukakaribia. Ulidhani unamjibu nani?"

"Kwa haki ya Mola wako," alisema Mwalim, "waachie watu nyumba yao!"

"Ntatoka. Mimi si mnyang'anyi. Lakini asiye na pa kwenda anatolewa vipi? Dalali, hawa umewatafutia. Na mimi ntafutie."

Mwalim aliinua mkono haraka: usijibu! Lakini dalali akiambiwa ntafutie nyumba, ulimi wake una njia yake.

"Ntakutafutia," alisema Mcha.

Harufu ikakatika. Pazia likatulia. Mtoto akapiga chafya, akaanza kulilia ziwa kama mtoto yeyote. Mwatima alilia pamoja naye, na Shaame akaubusu mkono wa mzee.

Nje, Mwalim Jecha alimvuta Mcha kando. Uso ulikuwa umemsawijika. "Ushatoa ahadi, basi timiza. Piga hodi nyumba tupu. Itakayokujibu, ndiyo aliyoichagua. Geuka uende zako, na humo usiingie tena maisha yako."

Mcha akazunguka Mji Mkongwe. Majumba matupu hayakuwa haba tangu Mapinduzi, yenye milango mikubwa na popo darini. Kila aendako udi ulimfuata mgongoni, na yeye, kwa mazoea ya kazi, akijikuta anaeleza: hii ina hewa, hii bati linavuja, hii kisima chake kina chumvi. Hodi hapa, kimya. Hodi pale, kimya. Kimya, kimya, mpaka magharibi ikakaribia, miguu imemvimba, na ile harufu akawa haisikii tena. Labda kapata pake mwenyewe, alijifariji. Labda kachoka.

Alirudi kwake Vikokotoni. Alitaka chai tu, na kumsikia mkewe, Bi Time, akimlalamikia kuchelewa. Akasimama mlangoni mwake, na kwa tabia ile ile iliyowachekesha watu, akaita, "Hodi!"

"Karibu."

Mcha alifungua kinywa kujibu. Hapo akamwona Bi Time anakuja kichochoroni, kikapu kichwani, anatokea foleni ya mchele, na ufunguo wa nyumba kaufunga katika ncha ya khanga yake.

"We baba, mbona umesimama kama mgeni?" alisema. "Nani umemwacha ndani anayekukaribisha?"

Mcha alimshika mkono asisogee. Nyuma ya mlango fagio lilikuwa limeanza, linakwenda na kurudi.

"Karibuni," ilisema sauti. "Hapa pamenipendeza."