Malkia Wawili wa Kopa

Ninaapa, na kiganja changu kiko juu ya meza hii yenye mafuta ya soseji: kila neno utakalosoma hapa ni la kweli. Ukikuta uongo, hata mdogo wa kubanwa kati ya meno, kifungua kinywa cha meza nzima hapa mgahawani kwa Charlene nalipa mimi. Charlene mwenyewe ni shahidi, na Charlene hasahau.

Uhalifu uligunduliwa Jumanne, saa kumi na dakika arobaini jioni, katika ukumbi wa ghorofa ya pili wa kasino moja kuukuu ya katikati ya mji wetu wa Las Vegas. Dutch Haverkamp, mzee mwenye sauti ya trekta, alifunua karata zake mbili kwa mbwembwe. Moja ilikuwa malkia wa kopa. Tatizo ni kwamba malkia wa kopa mwingine alikuwa amekwisha kulala wazi katikati ya meza, kwenye karata za wote, tena akimtazama pacha wake bila haya.

Ukumbi mzima ukacheka.

Ndiyo, walicheka! Bado damu inanichemka. Walicheka kwa sababu pale palikuwa panapigwa filamu ya kuchekesha inayojifanya ni ya habari. Waigizaji walijifanya wacheza karata wa kulipwa, kamera ikawafuata kila mahali, na hakuna aliyeandikiwa hata neno moja la kusema. Kila mmoja alitunga lake papo hapo. Ila fainali ilichezwa kweli, kwa karata za kweli, na mshindi ndiye angekuwa mwisho wa filamu. Kwa hiyo malkia walipotokea wawili, kila mtu alidhani mwenzake ametunga kichekesho.

Mtu mmoja hakucheka. Marisol Quintanar, mgawa karata, hakuwa mwigizaji. Alikuwa mgawa karata hasa wa kasino hiyohiyo, amekodiwa na filamu siku zake za mapumziko.

"Si mimi," alisema, uso umempauka, machozi yakimlengalenga. "Jamani, si mimi niliyeiweka."

"Safi sana!" akapaza sauti mwongozaji, Garrett Lindqvist, kijana mwenye skafu shingoni katikati ya joto la jangwani. "Lia kidogo, dada! Kamera, msogelee!"

"Siigizi, kaka. Zima hicho kitu."

"Ndiyo! Hivyohivyo!"

"Basi mchezo wote haufai!" akadakia mwigizaji mwingine, Preston Hale, kutoka kwenye kiti chake cha pembeni. "Karata zikiwa mbovu, yote yanafutwa. Tuanze upya, wote turudi mezani!"

Kelele zikapamba moto. Marisol aliweka karata chini, akapiga viganja vyake, akavigeuza juu na chini kuelekea darini, ndipo akainuka. Hivyo ndivyo wafanyavyo wagawa karata wote wa mji huu kila watoapo mikono mezani, ili kamera za darini zione kuwa hawakuchukua kitu. Wakishazoea, hufanya hata kanisani. Kamera za ukumbi ule zilikuwa zimekufa tangu mwaka juzi, lakini mikono haijui habari za umeme.

Meneja wa zamu, Bwana Teague, aliletwa na kelele. Huyo hakuwa na mzaha.

"Karata ya ziada imepatikana kwenye meza yangu," alisema. "Saa kumi na mbili kamili napiga simu kwa wakaguzi wa kamari. Nipe kibali chako, Marisol."

"Bwana Teague, unanijua."

"Nakujua. Ndiyo maana inaniuma."

"Miaka kumi na tisa nagawa karata mji huu. Bila kibali hakuna meza itakayonipokea, hata ya kufagia chini yake."

"Basi apatikane aliyefanya. Saa kumi na mbili." Akakipokea kibali, akakitia mfukoni.

Na hapo ndipo aliposimama Orrin Peck.

Orrin alikuwa miongoni mwa wazee waliokodiwa kujaza viti vya watazamaji. Alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini katika chumba cha kamera cha kasino, akiwakamata wezi kwa macho tu. Mtanashati, nywele zote kichwani, macho ya mwewe. Alikunja gazeti lake akasema kwa sauti iliyotulia:

"Hakuna anayetoka humu."

Walimtii wote. Ndivyo alivyokuwa.

Alianza na meza. Akazihesabu karata: hamsini na tatu. Kisha akaenda kwenye meza ya kahawa, ambako chini yake kulikuwa na sanduku la seti za akiba, zote zenye migongo ileile ya bluu. Seti moja ilikuwa imefunguliwa. Malkia wake wa kopa hakuwamo.

"Asubuhi ulipokagua, meza ilikuwa safi?" alimuuliza Marisol.

"Nilihesabu mwenyewe. Hamsini na mbili."

"Tangu hapo uliziacha lini?"

"Mapumziko tu. Saa kumi na dakika tano nilikwenda msalani. Nilitaka kuhesabu tena niliporudi, mwongozaji akanifokea kwamba namlia muda. Nikazichanga tu nikagawa."

"Nani alikuwa humu ndani?"

"Nilipotoka, walibaki Dutch, Garrett na Preston. Watazamaji mlikuwa mmetoka nyote. Kamera zote mbili zilikuwa nje kwenye ngazi, zikiwahoji wale wengine."

Watu watatu. Orrin alimwita wa kwanza kwenye kona ya mahojiano, palepale waigizaji walipozoea kukaa na kusimulia upuuzi wao mbele ya kamera.

"Dutch, malkia alikuwa mkononi mwako."

"Nilipewa, mzee. Nimecheza karata tangu ningali nafungiwa viatu. Unadhani ningechomeka karata halafu niifunue mwenyewe, nikicheka, mbele ya pacha wake?"

"Pengine hukujua pacha atatokea."

"Sikia. Nilikuwa na rundo la dau kubwa kuliko wote. Nilikuwa nashinda! Mtu anayeshinda anaibia nini?" Dutch alisimama, akajikwaa kwenye waya, akatukana, akaenda zake akikokota mguu.

Wa pili alikuwa Garrett, na huyu alimtia Orrin hasira tangu kwenye skafu.

"Tulipokuwa tukitoka kwa mapumziko ulisema, nanukuu, mchezo umepoa kama uji wa jana, natamani kitu kitokee."

"Kila mwongozaji anasema hivyo."

"Na kitu kikatokea."

"Mzee, filamu yangu yote imesimama juu ya jambo moja: mwisho ni wa kweli. Nimewaahidi watu. Nikichomeka karata, nimejichoma mwenyewe."

"Mama wa watu analia, nawe unasema msogelee!"

Garrett alivua skafu yake. "Hilo sina la kujitetea," alisema, akaondoka na mikono mifukoni.

Wa tatu, Preston Hale. Katika filamu aliigiza daktari wa meno aliyeacha kliniki kufuata karata. Alikuja na kikombe cha kahawa na tabasamu pana.

"Mimi? Babu, mimi ni mtu wa jukwaani. Karata nimefundishwa wiki iliyopita. Bado nachanganya shupaza na pau."

"Ulitolewa mchezoni mapema."

"Mzunguko wa kwanza kabisa! Mhusika wangu ni kichaa, akaweka dau lake lote. Dutch akanimeza mzimamzima." Akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni.

"Kwa hiyo filamu itakuonyesha kidogo."

"Sekunde chache, ameniambia Garrett. Ndiyo kazi." Aliweka kikombe mezani, akapangusa viganja, akavigeuza juu na chini, akainuka. "Pole kwa huyo dada. Inasikitisha, ila tutakaporudia fainali atapatikana mgawa karata mwingine, sivyo?"

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Teague alikuwa ameketi mlangoni, simu juu ya goti.

Orrin aliwaita wote mezani. Kamera zikawashwa, na safari hii ni yeye aliyetaka ziwashwe.

"Jaribio dogo," alisema. "Kila mmoja wenu achange karata hizi, aziweke, aondoke. Basi."

Dutch alizichanga, karata zikalia kama mabawa ya njiwa. Alizibwaga, akanyanyuka akinung'unika. Garrett alizichanga kama mtu anayetafuta risiti, akaziacha, akainuka akijikuna shingo. Preston alipozishika, zilimtoroka, nusu zikaruka sakafuni. Watu wakaangua kicheko. Alijaribu tena, zikamwagika tena. Hata Teague alitabasamu.

"Samahani, babu," Preston alisema. "Nilikwambia. Vidole vya mbao."

"Nimeona. Ahsante, mwanangu. Inuka."

Preston aliweka rundo mezani. Akapiga viganja. Akavigeuza juu, akavigeuza chini, kuelekea kwenye kamera zilizokufa darini. Akainuka.

Hakuna aliyecheka tena.

Marisol ndiye aliyevuta pumzi kwa nguvu. "Uligawa wapi?" aliuliza taratibu.

"Niligawa nini?"

"Usinifanye mtoto. Mikono yako imeniambia. Uligawa wapi?"

Preston aliitazama mikono yake kana kwamba ni rafiki aliyemsaliti. "Reno," alisema hatimaye. "Miaka minne. Kabla ya kuigiza."

"Fundi wa karata anayejifanya hajui shupaza," alisema Orrin. "Tulikuwa tukiuliza nani amefaidika na malkia wa pili. Mezani, hakuna. Dutch alikuwa anashinda. Garrett angeharibu ahadi yake. Lakini mchezo ukifutwa wote, nani anarudi mezani? Aliyekwisha kutolewa. Na nani alikuwa wa kwanza kupiga kelele kwamba ufutwe? Mtu asiyejua sheria za karata! Ulikunywa kahawa juu ya sanduku la akiba, ukasubiri dada atoke, ukamchomekea karata kwenye rundo lake."

"Ilikuwa sehemu ya mchezo!" Preston alipaza sauti. "Tunatunga papo hapo, si ndiyo? Mhusika wangu ndiye angefanya hivyo! Daktari wa meno mwenye tamaa. Nilidhani tutacheka, tutaanza upya. Miaka kumi na miwili naigiza, kila filamu nakatwa! Mara hii nilitaka nibaki."

"Na alipolia?"

"Nilidhani... alikuwa anaigiza vizuri."

"Hukudhani," Marisol alisema. "Wewe umegawa karata. Hawa wengine hawajui kibali ni nini, lakini wewe unajua. Ulinitazama nikimpa Teague kibali changu, ukanyamaza. Hicho kibali hakina mhusika, Preston. Kina picha yangu."

Preston aliketi, akafunika uso kwa mikono ileile. Teague alisimama, akatoa kibali mfukoni, akamrudishia Marisol kwa mikono miwili. Simu aliipiga hata hivyo, ila jina alilotaja lilikuwa jingine. Fainali ilichezwa upya kesho yake bila daktari wa meno, na Marisol aligawa, baada ya kuhesabu karata mara mbili huku Garrett akisubiri, kimya, bila skafu.

Hapo ndipo nilipofikia leo asubuhi, nikiwasomea wenzangu hapa kwa Charlene. Niliziweka karatasi chini, nikaomba nipewe siagi na heshima.

"Nywele zote kichwani?" akauliza mmoja, akiutazama upara wangu.

Maana Orrin Peck ni mimi.

"Na miaka thelathini chumba cha kamera?" ikauliza sauti nyuma yangu. "Orrin, si ulikuwa unatengeneza viyoyozi?"

Sikuhitaji kugeuka. Marisol alikuwa ametoka zamu ya usiku, aproni bado kiunoni, tai ya kipepeo imelegea. Alivuta kiti akaketi, na Charlene akamwekea kahawa kwa haraka ya mtu anayeona sinema inaanza.

"Kisa ni cha kweli," nilisema. "Kila kitu kilitokea."

"Kilitokea. Nani alihesabu karata? Nani aliona viganja vya Preston alipoweka kikombe cha kahawa? Nani aliwaambia wote wachange?"

"Nimebadilisha mtu mmoja tu, dada."

"Mmoja tu! Mtu aliyekuwa anakaribia kupoteza kila kitu, akajitetea mwenyewe, saa imemkaba koo, huku wakimwambia alie vizuri. Umemkalisha kwenye kiti cha kulia, ukajipa wewe akili yake." Hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza. "Wale walinifanya kichekesho. Wewe umenifanya mtu wa kuokolewa."

"Mimi nilikuwepo," nilisema, sauti imekonda.

Marisol alitoa simu, akaiegemeza kwenye chupa ya sosi. Ilikuwa filamu yenyewe. Mbele, mwanamke aliyepauka anasema si mimi. Nyuma yake, safu ya tatu, mzee mwenye upara amelala fofofo, kinywa wazi, gazeti kifuani.

Meza nzima ililia kwa kicheko. Charlene hakucheka, alikwenda kuleta hesabu.

Marisol alimaliza kahawa yake, akaweka kikombe, akapiga viganja, akavionyesha darini, ambako hakuna kamera, kuna feni tu inayolalamika. "Kaandike upya," alisema, akaenda kulala.

Nikalipa. Pankeki za wote, mayai ya wote, na kahawa yake. Kisha nami nikaviinua viganja vyangu kuelekea kwenye feni, nikavigeuza juu na chini. Vilikuwa vitupu kweli.