Mtumbwi Unaokuja Ukitazamwa

Asubuhi hiyo Marselina alipofungua mgahawa wake pale Liuli, kando ya ziwa, alikuta sakafu imelowa chini ya televisheni. Paa halikuvuja na ndoo zote zilikuwa kavu. Akapiga deki huku akinung'unika, kisha akainua uso kuitazama picha iliyoachwa ikiwaka kwenye kioo, na tambara likamponyoka.

Picha ile ilitengenezwa na Clemence, mtoto wa dada yake, kijana wa kompyuta asiyeishiwa vituko. Ilionyesha ziwa, na mbali kabisa mtumbwi wenye mvuvi mmoja, kofia imemfunika uso. Kikamera juu ya televisheni kilifuata macho ya watu: ukiutazama mtumbwi, unakuja ufukweni, ukigeuka, unarudi ulikotoka. Wateja waliacha ugali upoe kwa kuuchezea mtumbwi huo. Lakini usiku uliopita mgahawa ulikuwa umefungwa, hakuna wa kuutazama, na mtumbwi sasa ulikuwa umekaribia kugusa mchanga.

Akamwita Clemence kwa simu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Njoo uone mambo yako."

Clemence alipofika, alibonyeza simu yake, akakunja uso. "Kamera inasema kuna mtu ameangalia usiku kucha. Hajapepesa hata mara moja."

Akageuka kuangalia ukuta wa mbele ya televisheni. Hapo ilining'inia picha ya marehemu Bernadi, mume wa Marselina, bado ina shada la maua ya plastiki la msibani. Ziwa lilirudisha mtumbwi wake tupu. Mwenyewe hakuonekana, na kaburi halikuchimbwa. Marselina ndiye aliyeitundika pale, ili mumewe asikose kuliona ziwa.

"Tuigeuze," Clemence alinong'ona.

"Nimgeuze mume wangu aelekee ukutani, kama mtoto aliyekosa?" Marselina akasimama mbele ya picha ya mumewe. "Na kama ni yeye anakuja?"

"Baba mdogo angepita mlangoni."

Harufu ya magugu yaliyooza ilikuwa imejaa chumba kizima. Marselina alimpenda sana Bernadi, lakini woga ulimzidi; akaigeuza picha huku akilia. Mtumbwi ukasimama, kisha ukaanza kurudi nyuma polepole. Wote wawili wakashusha pumzi.

Ndipo kofia ikainuka. Chini yake kulikuwa na macho mawili makavu, yaliyowakodolea kutoka ndani ya kioo, na kwa kutazama kwa mvuvi huyo wa ndani mtumbwi ukaanza kuja tena, haraka kuliko mwanzo, na Clemence akachomoa waya ukutani lakini picha haikuzimika, na maji yakaanza kuchuruzika kwenye ukingo wa televisheni, yakatambaa sakafuni hadi yakaifikia miguu yao, maji ya baridi, yenye mchanga.

"Fumba macho, mama mdogo. Usimsaidie."

"Nimefumba."

"Na mimi nimefumba."

Wakasikia ubao ukikwaruza mchanga. Wakasikia kasia likilazwa sakafuni, taratibu, kama anavyofanya mtu aliyefika kwake na hataki kuwaamsha waliolala. Hatua zenye maji zikaja, zikampita Clemence, zikasimama mbele ya Marselina.

"Marselina," ikaita sauti ya Bernadi, ile ile. "Nitazame."

Clemence akaupapasa mkono wa mama yake mdogo, akaushika, akaubana. Lakini Marselina alikuwa ameingoja sauti hiyo tangu siku ya msiba, na kope zake zikaanza kufunguka.