Kiu ya Bwana Pole

Atakayecheka na acheke, lakini akishamaliza kucheka akamwangalie mnyama wake kama ana maji.

Jua lilikuwa linazama Kidoti alipotoka sokoni na fungu la mchicha kwapani. Mchicha haukuwa wake. Ulikuwa wa kobe, tena wa kuchagua, majani laini matupu, maana kobe mwenyewe alikuwa na siku ya tano hajatia kitu mdomoni. Kidoti, fundi cherehani ambaye maishani hakuwahi kumbembeleza mtu ale, sasa alikuwa anambembeleza kobe.

Kobe alikuwa wa shangazi yake, aliyefariki wiki sita nyuma. Shangazi alimwita Bwana Pole, na mbele ya wateja alipenda kusema huyo ndiye mume pekee asiyechelewa kurudi nyumbani. Binti wa shangazi, aliyekuwa akifanya kazi mji wa mbali, alilia sana msibani, kisha akasema aliyemuuguza mama yake ndiye anayestahili nyumba ya mama yake. Nyumba, vyerehani, na kobe. Jumamosi hiyo angekuja na ndugu kumkabidhi Kidoti hati.

Kwa hiyo kobe asingeweza kufa wiki hiyo. Watu wangesema nini?

Daktari wa mifugo alikuwa ameshakuja. Alimvuta ngozi ya shingo, akamtazama macho yaliyozama, akasema mwili umekauka maji. Akaagiza awekwe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, asubuhi na jioni.

"Ugonjwa siuoni," alisema akifunga mkoba wake. "Huyu amesusa."

Kidoti alifuata maagizo yote. Bwana Pole alikaa ndani ya beseni, maji yakimfika kidevuni, mdomo ameufunga kabisa. Na Kidoti naye alikuwa na lake ambalo hakumwambia daktari. Kiu. Tangu kobe asuse, yeye alikuwa anamaliza jagi zima na ulimi unabaki mkavu kama chaki ya kuchoria vitambaa.

Jioni ile aliweka mchicha mlangoni mwa chumba cha shangazi, akaita kwa sauti ya kubembeleza. Kimya. Halafu, kutoka chini ya kitanda cha chuma...

Ko. Ko. Ko.

Kidoti alisimama palepale.

Lilikuwa gamba la kobe likigonga mguu wa kitanda. Mara tatu, halafu kimya. Mara tatu tena.

Ugongaji huo aliujua. Shangazi alipopoteza kauli, kilichombakia ni subana, kile kikofia cha chuma ambacho mafundi huvaa kidoleni sindano isiwachome. Alikigonga kwenye kitanda mara tatu akitaka maji. Siku za mwanzo Kidoti aliinuka. Lakini alikuwa na sare za harusi za watu thelathini, na shangazi alikuwa na kiu isiyoisha. Akaanza kukanyaga cherehani kwa nguvu ili asisikie. Alisikia hata hivyo. Ndipo mchana mmoja akaingia chumbani, akamvua shangazi subana kidoleni.

"Naiazima, shangazi. Yangu imepotea."

Yake alikuwa ameivaa. Shangazi aliiona.

Kidoti akashona kwa raha mpaka jioni. Alipokumbuka kikombe na kukipeleka, shangazi alikuwa amekwishakata roho, macho wazi, midomo imepasuka. Aliilowanisha ile midomo kwa kitambaa, akaipangusa vizuri, ndipo akawapigia simu ndugu. Aliwaambia kwamba shangazi alikunywa maji, akalala, hakuamka.

Sasa alipiga magoti, akachungulia uvunguni. Harufu ya dawa ya kuchua ikamjia puani, ile ya shangazi, nzito, wakati chupa yake ilishatupwa zamani. Kobe alimtazama bila kupepesa. Kidoti hakujua nani alimsukuma kusema, ila alisema, kwa kunong'ona.

"Nilikusikia."

Bwana Pole akanyoosha shingo. Akatoka taratibu mpaka kwenye bakuli, akanywa.

Na Kidoti akayasikia maji yakishuka kooni mwake mwenyewe.

Aliogopa sana, lakini nafuu ilikuwa kubwa kuliko woga, na usiku huo alilala. Asubuhi kiu ilirudi na hasira. Akanong'ona tena. Kobe aligeuza kichwa ukutani. Ikabidi aseme kwa sauti yake ya kawaida, mlango ukiwa wazi, ndipo bakuli likaguswa. Kesho yake hata hiyo haikutosha. Alikuwepo mteja mmoja amekuja kujaribu gauni. Kidoti akayasema maneno yake huku pini zikiwa mdomoni, yule mama akadhani anaongea na kobe, akacheka. Bwana Pole akanywa mafunda mawili tu, akaacha.

Hapo ndipo Kidoti alipoelewa anapelekwa wapi. Kobe hakuwa na haraka. Alikuwa anamsogeza hatua moja kila siku, kuelekea Jumamosi.

Jumamosi ndugu walijaa sebuleni. Mjomba alimtania kwamba anakunywa maji kama gari bovu, na kweli, alikuwa kwenye glasi ya tisa. Midomo yake ilikuwa imeanza kupasuka. Binti wa shangazi alimshukuru mbele ya wote kwa mikono iliyomtunza mama, akaweka hati mezani na kalamu juu yake. Kidoti alikuwa ameshapanga: asaini kwanza, nyumba iwe yake, halafu akiri chochote kwa yeyote.

Bwana Pole akatoka chumbani. Akapita katikati ya miguu ya wageni, akasimama kwenye bakuli lake. Hakunywa. Alimtazama Kidoti.

Kidoti alinyoosha mkono. Kalamu ilikuwa karibu... lakini koo lilikuwa linajifunga, hewa inapita kwa shida, macho yanaingia giza.

Ko. Ko. Ko. Kwenye mguu wa meza.

"Anataka nini huyu?" binti wa shangazi aliuliza.

"Maji," alisema Kidoti. "Alikuwa anataka maji."

Na baada ya hapo hakuweza kujizuia. Aliwaeleza cherehani, sare thelathini, subana, kitambaa alichopangusia midomo. Aliwaeleza yote, na kadiri alivyoeleza ndivyo kobe alivyokunywa, kirefu, bila kupumzika. Ubaridi ulimshuka Kidoti mpaka tumboni. Alilia kwa raha kabla hajalia kwa aibu.

Mjomba alivua miwani akabaki anatazama sakafu. Binti wa shangazi alirudisha hati kwenye mkoba, akainama, akambeba Bwana Pole kwa mikono miwili, akamfuta gamba kwa upindo wa nguo yake. Kisha akaelekea kwenye gari.

Kidoti alimfuata mpaka getini, akapiga magoti kwenye mchanga. Alimwomba achukue nyumba, achukue vyerehani, achukue hata nguo alizovaa, kobe tu amwachie. Binti wa shangazi alimweka kobe kwenye kiti, akamkingia mto asiteleze, akawasha gari.

"Basi mpe maji, dada," Kidoti alisema. "Asubuhi na jioni. Hata kama una kazi nyingi. Hata kama umechoka. Nakuomba."

Dada yake alimtazama kupitia dirisha la gari, kwa macho yaleyale ya mama yake.

"Nitampa," alisema. "Nikimsikia."

Gari likapinda kona. Kidoti, bado kwenye mchanga, alijaribu kumeza mate.

Hayakuwepo.